Nilimzika Dismasi Mbele ya Watu Mia Tatu

Mlio nami tangu mwanzo mnakumbuka mliponiacha: nimekaa kwenye cherehani, simu mapajani, na Hyacinthe wa Kabezi ameandika mbele ya grupu nzima kwamba mimi ni mwongo.

Anayenisoma leo kwa mara ya kwanza asipotee. Jina langu Biasha. Nashona nguo hapa Rumonge, kwenye baraza la mama Sikujua, nyuma ya soko. Nina miaka thelathini na moja, nimeachika, nakaa kwa kaka yangu Hamissi. Nyumbani kwa kaka sina sauti. Hata rangi ya pazia la chumba changu alichagua yeye.

Lakini kwenye simu nilikuwa na watu. Ligi ya Ziwa niliianzisha mimi. Ni mpira wa kucheza kwenye simu, na tulikuwa wachezaji mia tatu na kumi na wawili, kuanzia Kabezi na Muhuta mpaka Nyanza-Lac, wengine Uvira, wengine Kigoma. Waliniita Prezidante. Nikiandika "mechi imefutwa", imefutwa. Sheria zetu kumi na mbili nilizitunga na Hyacinthe, mwalimu wa sekondari, ambaye mimi mwenyewe nilimfanya makamu.

Sheria ya nne inasema akaunti ni ya mtu mmoja. Hakuna kumchezea mwingine.

Na wiki iliyopita niliwaeleza habari za Irakoze, msichana wa Kabonga, aliyeniandikia pembeni mwezi wa tano. Kaka yake Dismasi, mvuvi na mchezaji wetu, alivuka ziwa mwezi wa tatu kwenda kuvua upande wa Kongo. Hakurudi. Mbao za mtumbwi ziliokotwa. Mama yao ana presha, na Irakoze akaogopa kumwambia. Akawa anafungua akaunti ya Dismasi kwenye simu yake, anacheza, halafu anamwonyesha mama ile nukta ya kijani kando ya jina. "Ona, mama, Dismasi iko hewani. Ni rezo tu ya simu inamusumbua, hawezi kupiga."

Aliniomba nisimtoe kwenye ligi. Nikamwapia. "Wallahi, siri yako nimeimeza."

Leo nawaambia nilivyoitapika.

*

Hyacinthe hakuwa mjinga. Alicheza na Dismasi miaka miwili, anaujua mchezo wake. Aliandika hivi:

"Dismasi alikuwa akishinda anasema amahoro bavandimwe, anatutakia amani sisi ndugu zake. Akishindwa anasema nitarudi. Tangu mwezi wa tatu hasemi neno. Penalti alikuwa anapiga kushoto, sasa anapiga katikati. Huyu si Dismasi. Nilimuuliza Prezidante mara tatu, akajibu ameongea naye. Ninasema Prezidante amedanganya grupu."

Kila neno lilikuwa kweli.

Tatizo ni kwamba wiki hiyo hiyo akaunti ya Dismasi ilikuwa imemtoa Hyacinthe kwenye robo fainali, tatu kwa bila. Kwa hiyo nilipata pa kukimbilia. Nikaandika: "Mwalimu, kufungwa kunauma. Pole."

Watu wakacheka. Nikadhani yamekwisha.

Kijana mmoja wa Muhuta, Anwari, mpole kabisa, akauliza: "Prezidante, samahani. Sheria ya kumi na mbili inasemaje?"

Sheria ya kumi na mbili inasema kiongozi akishtakiwa anakaa pembeni siku tatu mpaka achunguzwe.

Nikamtoa Anwari kwenye grupu.

Mwingine akauliza kwa nini Anwari ametolewa. Nikamtoa na huyo. Halafu nikafunga grupu, asiandike mtu ila viongozi. Viongozi tulikuwa wawili.

Mama Sikujua, mwenye baraza, alikuwa ananitazama.

"Biasha."

"Bee, mama."

"Hilo shati umeshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia."

Nikaangalia. Kweli. Nikaanza kufumua. Simu ikalia, Hyacinthe.

"Biasha, fungua grupu."

"Nitafungua nikitaka."

"Kaa pembeni siku tatu tu. Ukionekana safi, unarudi. Mimi mwenyewe nitakurudisha."

"Sheria hiyo niliandika mimi."

"Ndiyo, uliandika wewe. Na hukuandika 'isipokuwa Biasha'."

"Sema tu unataka kiti changu."

Nyuma yake nilisikia wanafunzi wanapiga kelele za mapumziko.

"Kiti gani, Biasha? Hakuna kiti. Iko telefone tu."

Nikamkatia.

Maneno hayo yaliniuma kuliko kuitwa mwongo. Iko telefone tu! Yeye ana darasa, ana mke, ana watu wanaosimama akiingia. Mimi nilikuwa na hiyo telefone.

Saa kumi alasiri nilifungua grupu. Nilikuta kumbe wamefungua grupu jingine pembeni, watu mia na zaidi, wanajadili kunitoa. Mmoja alinitumia picha za mazungumzo yao. "Amezoea." "Anajiona mfalme." "Mwanamuke aliyeachika atatutawala mpaka lini?"

Hilo la mwisho nililisoma mara nyingi. Silitaji kama kisingizio. Nalitaja kwa sababu niliahidi kusema yote.

Hyacinthe akaweka kura. Swali lilikuwa moja: Biasha abaki au aondoke?

Dakika kumi za kwanza, waliosema niondoke walikuwa arobaini na moja. Waliosema nibaki walikuwa tisa.

Nikafungua ule ujumbe wa Irakoze wa mwezi wa tano. Uko pale, mrefu, na jina lake juu.

"Prezidante, amahoro. Mimi ni dada ya Dismasi, naitwa Irakoze. Naomba usikasirike. Dismasi alikufa mu ziwa. Mama hajui. Akijua atakufa na yeye. Niache nicheze kwa jina lake, hata nikifungwa kila siku, bora mama aone iko hewani. Sina mutu mwengine wa kuambia."

Nikaupiga picha.

Nilifikiria kufunika jina lake. Msije mkadhani sikufikiria. Niliweka kidole pale kabisa. Halafu nikawaza: nikifunika, Hyacinthe atasema nimetunga. Nikaacha jina lionekane. La Irakoze, la Dismasi, na Kabonga.

Nikatuma. Chini yake nikaandika: "Hii ndiyo sababu nilidanganya. Nilimhurumia mtoto wa watu. Nihukumuni."

*

Watu hawakunihukumu. Walilia.

Grupu lilijaa machozi. "Prezidante ana moyo." "Tusamehe, dada Biasha." "Kumbe tulikuwa tunacheza na marehemu, Mungu wangu." Mmoja wa Uvira akasema tumpe Dismasi kombe bila kucheza fainali.

Kura zikageuka. Zilipofungwa, mia na themanini na nane walisema nibaki. Waliosema niondoke hawakufika hamsini.

Hyacinthe aliandika mstari mmoja. "Nilitaka sheria. Hii sikuitaka." Akajiondoa uongozini.

Na mimi nilifanya nini? Hapa ndipo ninapoona haya hata kuandika. Nilifurahi. Niliinuka kwenye cherehani, nikaenda kwa muuza vinywaji, nikanunua fanta ya ndimu ya baridi, nikainywa nimesimama. Nikamrudisha Anwari wa Muhuta kwenye grupu kama malkia anayesamehe.

Irakoze, aliyekuwa kwenye grupu kwa jina la kaka yake, hakuandika kitu. Nikaona amesoma. Nikajiambia, na yeye atakuwa ameguswa na mapenzi ya watu.

Asubuhi yake, saa mbili, nilikuwa napima mteja kiuno. Simu ikalia. Namba ya Irakoze. Tulikuwa hatujawahi kusikia sauti zetu, tulizoea kuandikiana tu.

"Prezidante."

"Irakoze, mdogo wangu..."

"Usiniite mudogo wako. Lukeba amekuja hapa kwetu."

"Lukeba nani?"

"Lukeba muvuvi. Yule wa ligi yako. Ameleta sukari kilo mbili na sabuni. Amevaa koti. Mama alikuwa anaanika dagaa. Lukeba akamushika mukono, akamwambia: mwihangane, mama."

Nilijua tayari.

"Mama akamuuliza: tuvumilie nini? Akamuuliza hivyo, Prezidante. Tuvumilie nini? Lukeba akafikiri mama anauliza kwa uchungu. Akamwambia: kifo cha Dismasi, mama, tumesoma jana sisi wote."

"Mama yuko wapi?"

"Chini. Pale pale kwenye dagaa. Hataki kuinuliwa."

Akakata.

Mteja wangu, mwanamke mnene muuza mawese, akaniuliza kama kiuno chake kimezidi namba za futi. Nikakuta nimeufunga utepe mkononi mwangu mwenyewe.

Mama Sikujua alinivuta ndani. Nikamwambia yote. Nilitegemea anipige kofi. Aliniuliza tu:

"Sasa unafanya nini na hiyo simu?"

"Namwandikia. Naomba msamaha."

"Utamwandikia." Alitikisa kichwa. "Umevunja kwa kuandika, unataka kuganga kwa kuandika. Weka simu. Vaa mtandio. Nenda."

*

Sina cha kusimulia njiani. Nilikaa dirishani kwenye basi, ziwa likiwa kulia kwangu muda wote, na sikuweza kulitazama.

Kabonga nilifika adhuhuri. Sikuhitaji kuuliza nyumba. Watu walikuwa wamejaa. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, na pembeni dagaa za asubuhi ziko pale pale kwenye wavu, hakuna aliyezigeuza.

Nilikaa mwisho wa mkeka. Mwanamke mmoja akanisogelea kwa upole.

"Karibu, dada. Wewe ni nani wa marehemu?"

"Nilikuwa..." Nilitafuta neno. "Nilikuwa nacheza naye."

Mwanaume aliyevaa koti akageuka ghafla.

"Sauti hiyo! Hiyo sauti naijua!" Akasimama. Kila wiki mimi hutuma ratiba kwa sauti, kwa hiyo watu mia tatu wanaijua. "Ni Prezidante! Prezidante mwenyewe amekuja!"

Alikuwa Lukeba. Akaja, akanishika mikono miwili, akanitoa kwenye mkeka, akanikalisha kwenye kiti chake.

"Ndugu zangu," akawaambia wale wanaume, "huyu ndiye aliyetwambia ukweli. Bila huyu tusingejua mpaka leo."

Wakanipa heshima. Wallahi, walinipa heshima. Mzee mmoja alivua kofia. Mwanamke akaniletea maji ya kunywa. "Murakoze cane," wakaniambia, mmoja baada ya mwingine. Nimeshukuriwa mara chache sana maishani mwangu, na nyingi kati ya hizo ni siku ile.

Niliinua macho. Mlangoni amesimama msichana mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, ameegemea mhimili. Hakuna aliyeniambia ni nani. Alinitazama nikishukuriwa mpaka shukrani zikaisha.

Kisha akasema, "Mama anakuita. Ndani."

Mama Speciosa alikuwa amekaa kitandani, mgongo umenyooka. Nilimtegemea mwanamke aliyevunjika. Nilikuta mwanamke mkubwa, mweusi, mikono mipana, na Kiswahili chake kilinishtua, safi cha Tanzania, maana alikaa kule kwenye kambi ya wakimbizi miaka kumi na minne.

"Kaa, binti."

Nikakaa chini.

"Ninyi mna mchezo wenu. Irakoze amenieleza. Mimi nilikuwa namtumia Dismasi salamu kila Jumapili, zinajibiwa. 'Niko salama mama. Nakula mama.' Alikuwa anajibu nani?"

Nikamtazama Irakoze. Alikuwa anatazama sakafu.

"Irakoze, mama."

"Na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano."

"Huu ni wa kumi." Akahesabu kimoyomoyo, midomo inatembea. "Umenyamaza miezi mitano. Sawa. Mtoto alikuomba, ukamwonea huruma. Hilo naweza kulielewa. Lakini siku uliyoamua kusema, kwa nini hukuja kuniambia mimi? Kwa nini uliwaambia watu mia tatu kwanza?"

Hapo nilikuwa na uongo tayari, mzuri, nimeupanga njiani. Nilitaka kusema nimezidiwa na huzuni, kidole kimeteleza.

Nikafungua mdomo, ukatoka ukweli.

"Walitaka kunitoa, mama."

"Kukutoa wapi?"

"Kwenye uongozi."

"Uongozi wa nini?"

"Wa mchezo."

"Wanakulipa?"

"Hapana, mama."

"Wanakulisha?"

"Hapana."

Sikuona hasira usoni mwake, na ingekuwa heri. Alikuwa anajitahidi kuelewa, kama mtu anayesomewa barua ya lugha nyingine.

"Basi ulipewa nini," akauliza polepole, "kwa mwanangu?"

Nililia, na kilio chenyewe kilinitia aibu, kwa sababu yeye alikuwa halii.

Irakoze akaja akapiga magoti mbele yangu, uso kwa uso.

"Nataka uape," akasema kwa sauti ya chini. "Uliniapia mara moja, najua kiapo chako ni cha namna gani. Lakini uape tena mbele ya mama. Neno lolote la grupu yako lisiingie tena mu nyumba hii. Lolote. Hata la pole."

"Naapa."

"Sema jina la Mungu wako."

"Wallahi. Halitaingia."

Akainuka. Nikafikiri sasa naweza kuondoka. Nikaona nimeshuka mpaka chini kabisa na hakuna chini nyingine.

Lukeba alikuwa amesimama kizingitini. Amesikia yote. Lile koti alikuwa amelivua.

"Mama Speciosa," akasema, "na mimi nina neno. Limenikaba tangu asubuhi."

"Sema."

"Mbao za mutumbwi tuliona. Kweli. Lakini mwili hatukuona. Mutu wa ziwa akipotea, sisi tuna desturi. Tunavuka, tunapita kambi kwa kambi upande wa pili, tunauliza. Wengine tumewapata hai, na kule wanakaa bila njia ya kurudi. Kwa Dismasi hatukuvuka."

"Kwa nini?"

Lukeba akafuta uso wote kwa kiganja.

"Nilikuwa ninacheza naye kila Jumamosi, mama. Wenzangu waliuliza, Dismasi vipi? Mimi nikawaambia, Dismasi iko sawa, jana alinifunga mbili. Nikafikiri anajificha kule, anaona haya kwa sababu amevunja mutumbwi wa watu. Utamtafuta vipi mutu uliyecheza naye jana?"

Irakoze alishika mdomo kwa mikono miwili. Nikaona jambo linavyomwingia, na likaniingia na mimi wakati huo huo. Tangu asubuhi nilikuwa najilaumu kwa kusema. Kumbe nilikuwa na deni jingine kubwa kuliko hilo. Sheria ya nne ingefuatwa mwezi wa tano, Hyacinthe angeuliza, akaunti ingefungwa, Lukeba angejua, mitumbwi ingevuka. Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu apotee. Mimi nilimzuia Hyacinthe. Mimi niliandika, "nimeongea naye, ni yeye." Nilijiita mwenye huruma.

Mama Speciosa alifumba macho. "Imekwisha," akasema. "Mwezi wa kumi huu. Imekwisha. Mwiteni katekista aanze sala."

Lukeba akatoka kumwita.

Nilisimama, nikajifunga mtandio vizuri. Simu ikatetemeka ndani ya mkoba. Nikaiacha. Ikatetemeka tena, na tena. Nikaitoa ili niizime, sikuwa na nia nyingine.

Alikuwa Hyacinthe. Picha moja, na maneno chini yake.

"Biasha, weka ugomvi pembeni. Ule ujumbe uliotuma jana umevuka mpaka kambi za wavuvi upande wa Kongo. Mchezaji wetu wa Uvira amenipa hii asubuhi. Wanasema huyu mutu walimutoa majini mwezi wa tatu, amepigwa kichwa, kusema kunamushinda. Hawajui jina lake, wanamwita Murundi. Anaweza kuwa yeye, anaweza kuwa mutu mwengine kabisa. Sikuiweka kwenye grupu. Nimekutumia wewe peke yako. Nakuomba, usionyeshe mutu mpaka nipate uhakika. Hasa ile familia. Ikiwa si yeye, tutakuwa tumewaua mara ya pili."

Nikaifungua picha. Mwanaume amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndevu zimeota ovyo, jicho moja limefumba nusu. Anatazama pembeni, si kwenye kamera.

Mimi Dismasi sikuwahi kumwona. Picha ya akaunti yake ilikuwa samaki, sangala mkubwa kwenye mizani. Hyacinthe naye hakuwahi kumwona. Kati ya watu wote wa Ligi ya Ziwa waliomlilia jana, anayeijua sura yake labda ni Lukeba, na Lukeba ametoka nje.

Wanaoijua kuliko wote walikuwa wawili, na wote walikuwa mbele yangu.

Sijui uso wangu ulionekanaje. Irakoze aliona.

"Nini hiyo?"

"Hakuna kitu."

"Ni grupu?" Alisogea hatua moja. "Prezidante, ni grupu? Umeapa sasa hivi. Hata dakika tano hazijapita."

"Irakoze..."

"Umeapa kwa Mungu wako!"

Mama Speciosa alifumbua macho. Alitazama simu, akanitazama mimi. Nje benchi zilisogezwa, watu wakasimama, na katekista akaanza kumwombea marehemu Dismasi Ntakirutimana pumziko la milele.

Mama akanyoosha mkono wake mpana.

"Lete," akasema.